Chini ya Uwesu

Mpakiaji aliyekuwa chini alirusha chupa ya maji juu ya lori, na mwenzake aliyesimama juu ya magunia ya korosho akaidaka kwa mkono mmoja, karibu bila kuitazama.

"Uwesu!" wapakiaji wakapiga kelele kwa pamoja.

Ilikuwa nje ya ghala la chama cha ushirika, Newala mjini, na watu wote waliokuwapo walicheka isipokuwa Mathias Nandonde, mkulima wa Chilangala niliyekuwa nimeongozana naye. Yeye alitema mate pembeni.

"Kuna neno la Kiswahili," aliniambia. "Kudaka. Lipo tangu enzi za mababu. Watu wa huku wamelitupa, wanaita jina la mtu."

Nimeishi kwa kuhamahama, nikijifunza lugha kwa kuungaunga, na kila nchi nimekuta maneno yaliyokuwa majina ya watu kabla ya kuwa maneno: jina la mkate, la fundo la kamba, la ugonjwa wa ng'ombe. Kwa kawaida mwenye jina huwa amekwisha kuzikwa, na wanaolitamka hawamjui. Uwesu hajazikwa. Anauza vipuri vya pikipiki Lisekese, kule chini Masasi, na ukimsalimia anaitikia kwa kicheko. Mathias naye yu hai, na analisikia jina hilo tangu anapoamka mpaka anapolala.

Asili ya neno lenyewe ni mpira.

Mradi wa maji ulipofika Kitangari, ambako kina mama walikuwa wakiteremka bondeni na ndoo na kupanda nazo mpaka shingo zinakakamaa, ulimleta fundi wa visima kutoka Australia, jina lake Greg. Alikuja na mitambo ya kuchimbia, na ndani ya begi la nguo akaja na mipira mitatu yenye umbo la yai. Jioni, kazi ikisimama, aliipiga teke peke yake uwanjani, nayo ikadunda kila upande isipokuwa ule alioutaka. Watu walidhani imeharibikia njiani.

Wa kwanza kumuuliza ni mchezo gani huo alikuwa Mathias. Wakati ule alikuwa bado hajaoa. Alikuwa kibarua wa kuchimba mitaro ya mabomba, na msimu wa kupulizia salfa ulipofika alibeba mashine mgongoni na kuzunguka mikorosho ya watu. Greg alimweleza kwa mikono na kwa Kiswahili chake cha bomba na koki. Mpira unaruhusiwa kuubeba, kuupiga teke, au kumpasia mwenzako kwa kuugonga ngumi. Kila upande una nguzo nne. Ukipitisha katikati ni goli, pointi sita. Ukikosea ukapitisha pembeni unapewa moja, ambayo watu wa huku waliiita kifuta jasho siku ileile. Na tamu kuliko yote ni hii: mpira uliopigwa teke kutoka mbali, ukiudaka hewani kabla haujagusa chini wala mtu, mchezo unasimama kwa ajili yako. Hakuna wa kukugusa. Unapiga mpira wako kwa raha zako, huku uwanja mzima unakutazama.

"Nilipoelewa hiyo," Mathias aliniambia, "nikajua huu ndio mchezo wangu."

Akaanza kuuhubiri. Alipanda baiskeli kutoka Chilangala hadi Newala, akaomba lifti za pikipiki kuteremka Masasi, akiwa na mpira mmoja kwenye mfuko wa salfa uliooshwa. Nguzo za mianzi za viwanja vya mwanzo alizikata yeye. Pale Chilangala uwanja haukutosha, kwa hiyo wakaupanua mpaka ukaimeza mikorosho miwili, na ikabidi sheria itungwe kwamba mpira ukigonga mkorosho mchezo unaendelea, kwa sababu mkorosho nao ni mchezaji. Hata leo timu ngeni zikifika Chilangala huuliza kwanza mikorosho inachezea upande gani.

Lisekese ndiko alikomkuta Uwesu. Mtu mrefu, wa familia ya Kiyao iliyokuwa ikifanya biashara Masasi tangu zamani, mwenye meno yaliyopangika na mdomo usiofunga. Mathias alimwonyesha jinsi ya kuushika mpira, jinsi ya kuuachia juu ya mguu, na jinsi ya kupanda juu ya mwenzako kwa goti ili uufikie ulio juu, jambo ambalo sheria inaliruhusu mradi macho yako yawe kwenye mpira.

"Nikipanda juu ya mtu si atakasirika?" Uwesu aliuliza.

"Atakasirika. Wewe utakuwa na mpira."

Timu zikawa nne: Lisekese, Chilangala, Kitangari na Newala mjini. Ligi ya Mpira wa Yai ya Masasi na Newala ilianza kiangazi hicho, kati ya kupulizia korosho na kuziokota, na imekuwa ikichezwa kipindi hichohicho kila mwaka, kwa wachezaji wasiolipwa kitu. Fainali ya kwanza ilikuwa kati ya Chilangala na Lisekese, uwanja wa Kitangari, Greg akiwa mwamuzi.

Kuhusu kilichotokea siku ile, nimewasikiliza watu wengi na wote wanakubaliana isipokuwa katika jambo moja. Mpira ulipigwa juu sana kutoka upande wa Lisekese. Mathias alikuwa chini yake kabisa. Alikunja magoti, akainamisha mgongo, mikono nyuma. Hapo Uwesu akaja mbio kutoka nyuma yake, akaweka goti moja begani kwa Mathias, akapaa. Aliudaka mpira mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona binadamu akiwa bila ngazi.

Jambo wasilokubaliana ni kwa nini Mathias alikuwa ameinama. Wapo wanaosema alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Wapo wanaosema aliuogopa mpira. Mathias mwenyewe anasema, na mimi namwamini, kwamba alikuwa anajikunja ili aruke. Angecheleweshwa Uwesu kidogo tu, kwa jiwe au kwa kikohozi, mpira ule ungekuwa wa Mathias.

Greg akapuliza filimbi, akanyoosha mkono, akapiga kelele: "Maki!"

Ndivyo wanavyokuita huko kwao kudaka kwa namna hiyo, na mwamuzi analitamka neno ili kila mtu ajue mchezo umesimama. Lakini Kitangari nzima ililijua Maki kuwa ni jina la mtu, kifupi cha Marko. Watu wakadhani mzungu amemfananisha.

"Maki gani tena?" mama mmoja aliuliza kwa sauti.

"Siyo Maki, mzungu! Huyo ni Uwesu!"

"Uwesu! Uwesu! U-we-su!"

Uwanja mzima ukamsahihisha Greg. Naye, masikini, akadhani wanamfundisha Kiswahili. Alitikisa kichwa kwa shukrani, kama alivyofanya walipomfundisha kusema bomba na koki. Baada ya muda mchezaji mwingine kabisa, beki mfupi wa Chilangala, alipoudaka mpira, Greg akanyoosha mkono na kutangaza kwa fahari ya mtu aliyeshika somo: "Uwesu!"

Watu walitazamana. Kisha wakaona kumbe ndiyo sheria.

Greg alimaliza visima vyake akaondoka. Neno halikuondoka. Lilitoka uwanjani likaingia sokoni, likapanda malori, likafika jikoni. Ukidaka embe, ukidaka funguo, ukimdaka mtoto aliyeteleza kitandani, umepiga uwesu. Kanisani Chilangala, mshumaa ulianguka kutoka altareni katikati ya misa na katekista akauwahi. Kwaya ikasema neno hilo kimoyomoyo, lakini kwa sauti inayosikika.

Mathias alioa, akapata mtoto, shamba lake likakua, na mashine ya kupulizia akanunua ya kwake. Aliendelea kuichezea Chilangala. Lakini tangu fainali ile hakudaka mpira hata mmoja. Alikuwa beki, na kila mpira uliokuja juu aliugonga ngumi ukaenda nje. Alisifiwa kwa ngumi hizo. Makocha walidhani ni mbinu. Ukweli ni kwamba hakutaka kusimama na mpira kifuani huku watu wakimshangilia kwa jina la mtu mwingine.

"Baba Brigita," mke wake, Leonia, alimwambia mbele yangu siku niliyokula kwao, "mpira wenyewe ulishadakwa. Brigita alikuwa hajazaliwa. Sasa yuko sekondari."

"Sijasema kitu."

"Hujasema, lakini unatafuna ugali kama unamtafuna mtu."

Brigita, binti yao, alikuwa ananawa mikono. Alicheka, sabuni ikamponyoka, akaiwahi kabla haijafika chini. Mdomo ulishafunguka. Akamwangalia baba yake, akaufunga, akasema kwa adabu, "Nimedaka."

"Afadhali," alisema Mathias.

Kumbe ndani ya nyumba ile neno lilikuwa limepigwa marufuku. Nje ya mlango kila mtu alikuwa huru.

Kama Uwesu angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Lakini Uwesu ni mtani. Kwa watu wa kusini, Myao na Mmakonde wanaweza kutaniana mahali popote, sokoni, harusini, hata msibani, na aliyetaniwa akikasirika, aibu ni yake. Uwesu aliitumia haki hiyo bila ubahili. Kila alipopanda Newala kuleta vipuri alipitia Chilangala na kitu mkononi, samli au kitenge cha Leonia, na hodi yake ilisikika kabla pikipiki haijazimwa.

"Shemeji, hamjambo? Mgongo wangu upo?"

"Upo ndani, umelala," Leonia alijibu, akicheka tayari.

"Mwamshe. Mwambie abiria amekuja kumshukuru dereva. Mtani! Nilipanda kwako bila nauli na hukunidai. Watu wa aina yako wamekwisha."

Mathias alitoka, akacheka, kwa sababu ilimbidi acheke. Aliniambia anakijua kicheko chake hicho: huanzia mdomoni na hakiendi popote. Alimtazama Brigita akimkimbilia Uwesu na shikamoo yake, Uwesu akisema marahaba mwanangu na kumkabidhi pipi kama bado ni mtoto mdogo. Alimtazama mke wake akifuta machozi ya kucheka kwa pembe ya kanga. Yeye alikuwa anawachekesha lini? Hakukumbuka. Akaenda kukagua mashine ya kupulizia, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Na kuna picha ya ukutani. Siku ileile Greg alikuwa amemwachia mtazamaji mmoja kamera yake, naye akaipiga. Greg aliituma kutoka kwao, na uongozi wa ligi ukamwita mchoraji wa vibao vya maduka aichore kwa ukubwa kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo, Kitangari. Uwesu yuko hewani, mikono juu, mpira kama mwezi mkubwa wa manjano. Chini yake kuna mgongo wenye fulana ya bluu. Mchoraji alikosa nafasi, akaukata mgongo pale ukuta ulipoishia. Hauna kichwa.

Mathias alimfuata mchoraji mpaka kibandani kwake.

"Niongezee uso."

"Mtu aliyeinama uso wake hauonekani, kaka."

"Basi andika jina."

"Nikiandika jina pale chini, watu watadhani ndiye aliyechora."

Mimi nilifika mwaka ambao suala la neno uwesu lilikuwa linaelekea kuamuliwa. Afisa michezo alikuwa ameuambia uongozi kwamba ligi haiwezi kusajiliwa mpaka sheria zake ziandikwe kwa Kiswahili, kila neno na maana yake. Kazi ilimwangukia katibu wa ligi, mwalimu Sia, mwanamke wa Kilimanjaro aliyehamishiwa Newala kufundisha Kiswahili sekondari, akaupenda mchezo kwa sababu, alisema, ndio mchezo pekee aliouona ambao unakosea na bado unapewa kitu. Sia akaitisha mkutano wa timu zote nne katika darasa moja, Jumamosi asubuhi.

Mathias alijiandaa wiki nzima. Asingeweza kusimama na kusema anaumia. Kwa mtani huumii. Lakini neno likiingia kwenye sheria iliyosajiliwa lingebaki hapo, lingesomwa na watoto wa Brigita na wa hao. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho kulitoa. Ndipo akagundua mlango wa uani: Kiswahili sanifu.

"Mwalimu," alisema zamu yake ilipofika, akiwa amesimama kati ya madawati na shati lililopigwa pasi, "mimi sina ugomvi na mtu. Nina ugomvi na lugha. Hii sheria itasomwa Dodoma. Mtu wa Dodoma akikuta 'mchezaji akipiga uwesu', ataelewa nini? Atadhani tunapigana. Kiswahili kina neno lake, kudaka. Napendekeza uwesu litoke."

Kulikuwa na minong'ono. Haji, nahodha wa Lisekese, alisema kabla halijatoka atatoka kwanza yeye. Mtu wa Kitangari alisema mpira bila uwesu ni kama mboga bila chumvi. Sia aligonga meza, akasema mwenye jina yupo, asikilizwe.

Uwesu alikuwa amekaa nyuma kabisa, miguu mirefu imetoka kwenye dawati la darasa la watoto. Alinyanyuka taratibu. Mathias alikaza taya. Alikuwa na majibu manne tayari.

"Mtani wangu amesema kweli," alisema Uwesu. "Litoeni."

Haji aligeuka kumtazama.

"Jamani, limenichosha. Nikiwa dukani fundi akidaka spana, naitika. Juzi nilikuwa msibani, kofia ya mzee ikapeperuka, mtu akaiwahi, wakasema uwesu, nami nikasema naam. Msibani! Mke wangu anasema ameolewa na mpira. Litoeni nipumzike, wekeni hilo la Kiswahili."

Akakaa. Watu walikuwa wanacheka, Sia naye alikuwa anacheka, na Mathias alibaki amesimama peke yake katikati ya ushindi wake.

Alinieleza baadaye alivyojisikia, na hakuficha. Kitu alichokitamani tangu ujana, kilichomnyima usingizi, kilichomfanya augonge ngumi kila mpira mzuri uliowahi kumjia, yule mtu amekivua kama kofia. Hakikuwa na uzito kwake. Pengine hakijawahi kuwa na uzito. Huo ulikuwa wivu mpya kabisa, alisema, mkali kuliko wa zamani: kumwonea mtu wivu kwa jinsi asivyojali.

Na nyuma ya huo likaja jambo jingine. Alifikiria wageni wanaofika Kitangari. Huuliza, kwa nini mnasema uwesu? Hupelekwa ukutani. Huambiwa, huyu wa juu ndiye Uwesu. Kisha, karibu kila mara, mgeni huuliza: na huyu wa chini ni nani? Neno likitoka, hakuna atakayeuliza swali la kwanza. Na la pili halitafikiwa.

"Mwalimu," alisema Mathias, "naomba kuondoa hoja."

"Baba Brigita, hoja umeileta mwenyewe sasa hivi."

"Naiondoa mwenyewe sasa hivi. Libaki."

"Na mtu wa Dodoma?"

"Mtu wa Dodoma atajifunza."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Ndani ya kelele hizo Haji akapaza sauti: "Basi libaki, na aliyepandwa aitwe mathiasi!"

Watu walipiga madawati. Uwesu alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mikono, mabega yanatetemeka. Lakini Sia hakucheka. Alikuwa anapekua karatasi zake za sheria za Kiingereza.

"Subirini," alisema. "Tunalihitaji. Hapa kuna sheria kwamba ukishampanda mtu usimsukume wala usimkanyage mara ya pili, na kila mara wanaandika mstari mzima: 'yule mchezaji ambaye mwenzake amepanda juu yake.' Tukiwa na neno moja tutamaliza kazi mapema." Alimtazama Mathias. "Baba Brigita, ni utani tu wa Haji. Ukikataa, tunaliacha. Jina ni lako."

Mathias alitazama ubao. Kwa upande mmoja, jina lake lingekuwa kwenye sheria, karibu na lile jingine, ukurasa mmoja. Kwa upande mwingine, lingekuwa na maana ya mtu aliyekanyagwa, milele, Newala na Masasi yote.

"Litaandikwa kwa herufi kubwa au ndogo?" aliuliza.

"Ndogo. Ni neno la kawaida. Na uwesu ni ndogo vilevile."

"Uwesu ndogo?"

"Ndogo."

Alifikiri. "Na maana yake utaiandikaje?"

Sia alisoma huku anaandika: "Mathiasi: mchezaji aliyeinama chini ya mpira, ambaye..."

"Hapana. Siyo aliyeinama. Andika: aliyejikunja kwa nia ya kuruka."

"Kwa nia ya kuruka," Sia alirudia, akaandika.

"Mwenyewe. Kwa nia ya kuruka mwenyewe."

"Mwenyewe. Nimeandika."

"Basi," alisema Mathias, akakaa.

Kwa wiki chache alikuwa mtu mwingine. Leonia aliniambia alimsikia anapiga mluzi chini ya mikorosho, jambo ambalo hakulisikia tangu uchumba. Brigita alishona neno hilo kwenye kitambaa, na marufuku ya nyumbani ikalegea. Nakala ya sheria alikuwa nayo kwenye mfuko wa shati, akiwasomea watu ile sehemu ya nia. Na wazo moja lilikuwa limemea kichwani mwake: kama yeye ndiye mathiasi, basi hakuna kinachomzuia tena kuruka.

Siku ya fainali ya mwaka huu, kati ya Chilangala na Newala mjini, uwanja wa Kitangari, ulitangulia mchezo wa wakongwe. Lisekese kwa Chilangala, kama mwaka ule wa kwanza. Vitambi vilikuwa vingi. Uwesu aliingia na kofia ya viua kichwani, akakumbushwa, akaivua na kumrushia mtazamaji. Mathias alisimama beki, kama kawaida, lakini Leonia, aliyekaa karibu nami kwenye mkeka na mfuko wa karanga, aliona kitu.

"Leo hajakunja ngumi," alisema.

Ilikuwa kipindi cha pili. Beki wa Lisekese alipiga teke refu kulikomboa lango lake, na mpira ukapanda juu, ukageuka, ukaanza kushuka katikati ya uwanja. Uwesu alikuwa chini yake. Alipunguza mwendo, akakunja magoti, akainamisha ule mgongo mrefu.

Mathias alikuja kutoka mbali. Sijapata kumwona mtu wa umri ule akikimbia vile. Aliweka goti begani kwa Uwesu na akapanda, akapanda tena kwa sehemu iliyobaki ya nguvu zake, mikono ikaenda juu ya kichwa, na mpira ukatua viganjani kwa mlio ambao ulisikika mpaka kwenye mkeka. Leonia alisimama, karanga zikamwagika.

"Uwesu!" uwanja ulilipuka. "Uwesu! Uwesu!"

Watu wote, wa Chilangala na wa Lisekese, wachuuzi, wanafunzi waliokaa juu ya ukuta. Brigita pia, mikono juu. Ndiyo sheria. Mwamuzi alinyoosha mkono na kulitangaza rasmi. Mathias alitua kwa miguu yake miwili, mpira kifuani, uso uking'aa jasho na furaha, na nikauona uso ule ukianza kusikiliza.

Kisha mtu akakumbuka sheria mpya. "Na mathiasi je? Mathiasi nani?"

Uwesu alikuwa amelala kifudifudi kwenye vumbi. Watu walidhani ameumia. Akainua mkono mmoja. Akapiga magoti. Akasimama, vumbi limempaka unga toka paji mpaka kifua, akageuka pande zote nne kama bwana harusi anayeonyeshwa kwa wageni, akajipigapiga mgongo.

"Mathiasi ni mimi!" alisema. "Jamani, kumbe ni kazi! Mtani, ulivumiliaje?"

Sijapata kusikia kicheko kama kile Kitangari. Wachezaji wa timu zote mbili walimkimbilia. Walimbeba. Wakaanza kuimba, "Mathiasi, mathiasi," huku wakimrusha juu Uwesu, na mwamuzi alipuliza filimbi mara kadhaa kabla hawajakumbuka kwamba kulikuwa na mtu amesimama na mpira, ambaye kwa sheria mchezo wote ulikuwa umesimama kwa ajili yake.

Mathias alipiga goli. Kwa kweli alilipiga vizuri, katikati kabisa. Chilangala walishinda.

Asubuhi yake nilimkuta shambani, chini ya mikorosho, akifagia majani makavu ili korosho zikianza kuanguka zionekane. Nilimwambia kwamba ule mpira aliudaka vizuri mno, na kwamba watu wa Newala walikuwa wanaongea habari hiyo stendi nzima.

"Wanasemaje?"

Nilikuwa nimesikia, na yeye alijua nilikuwa nimesikia: walikuwa wanasimulia jinsi Uwesu alivyosimama na kujipigapiga mgongo.

Mathias aliendelea kufagia mpaka akalizunguka shina lote. Kisha akaegemeza fagio.

"Umeona mwenyewe," alisema. "Hata kupandwa, anapandwa vizuri kuliko mimi."